Lama Aliyeitwa Ngwali

Siku lama walipoletwa Ibra, mji wa Omani, Mwanaheri alikuwa amebeba sinia la kahawa, na hilo ndilo lililomponza. Angekuwa jikoni anamenya vitunguu, asingeona kitu. Asingeona, asingecheka. Na asingecheka, watu wa Ibra wasingemjua leo kwa jina la Mama Lama, jina ambalo hakuliomba wala hakulipenda, na ambalo mama yake mzazi kule Pangani angeulizwa angeapa kuwa hamjui mtu huyo.

Walikuja watano, wamesimama nyuma ya pikapu kama watu wanaokwenda mazikoni: lama watatu warefu wa kutoka Amerika ya Kusini, na ndugu zao alpaka wawili wafupi wenye manyoya yaliyofumuka kama magodoro yaliyochanika. Bwana Harub alikuwa amewanunua kwa mfugaji wa nchi ya pili, ili wageni wanaokuja shambani kwake siku za Ijumaa wapate cha kutazama zaidi ya mitende. Sasa Harub ni mtu aliyezaliwa kwenye ngamia. Baba yake alifuga ngamia, babu yake alifuga ngamia, na yeye mwenyewe akisifu mwanamke mzuri humsifu kwa shingo na macho ya ngamia, na mkewe alikuwa ameshazoea. Akawatazama wale wageni, akaona shingo ndefu, mdomo uliopasuka, vidole viwili vya mguu, akacheka.

"Ngamia hawa," akasema. "Wamedumaa tu. Ngamia ni ngamia."

Akamwendea yule mkubwa, dume mweupe mwenye mabaka ya kahawia, akamkamata kichwa kwa mikono miwili na kumvuta chini huku akimwambia, "Ikhkh! Ikhkh!" kama ngamia waambiwavyo wapige magoti. Lama akalaza masikio nyuma. Harub akavuta tena. Lama akainua kidevu juu, akatazama mbinguni kama anayetaka ushahidi. Halafu akatema.

Mwenye kusema ni mate hajayaona. Yale ni mambo ya tumboni, majani yaliyotafunwa, yakamezwa, yakarudishwa, rangi ya mchicha uliolala, harufu ya kitu ambacho Mwenyezi Mungu alikusudia kibaki ndani. Yalianzia kwenye kilemba, yakateremka usoni, yakapumzika kifuani kwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya picha.

Mwanaheri alicheka mpaka vikombe vya kahawa vikagongana. Alikuwa na miaka minne hajacheka hivyo, na kicheko kilipopata mlango kilitoka chote.

"Unacheka?" Harub aliuliza, jicho moja likiwa limefumba kwa sababu inayoonekana. "Haya. Tangu leo ni wako."

"Wangu vipi, Bwana?"

"Wako wote watano."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya Bibi, mama yako. Kupika, kufua, na Bibi. Mkataba haukutaja mnyama."

"Haukumkataza pia," akasema Harub, akaenda kunawa.

Ile kanzu aliifua Mwanaheri. Aliifua mara tatu.

Mwanaheri alikuwa na miaka arobaini na minane. Shule aliishia kuiona kwa nje, akipita na ndoo ya samaki kichwani. Alikuja Omani kwa sababu mumewe alimwambia, "Nenda miaka miwili tu, tumalizie nyumba." Mumewe aliitwa Ngwali, fundi wa baiskeli aliyekuwa hazipendi baiskeli, mwanamume mzuri wa sura, hilo hakuna aliyelikana. Mwaka wa pili nyumba ikamalizika, ikaezekwa, ikapakwa chokaa. Ngwali akaona nyumba nzuri kama ile haifai kukaa tupu, akaoa mke mwingine akamweka ndani. Mwanaheri alipelekewa habari kwa ujumbe wa sauti. "Nimeona nisikufiche," Ngwali alisema, kwa sauti ya mtu anayestahili kushukuriwa. Huyo mke mwenzake, Mwanamboka, alikuwa analala kwenye kitanda ambacho Mwanaheri hajawahi kukilalia.

Basi ilipofika siku ya kuwapa lama majina, hakufikiri sana. Yule dume mkubwa alikuwa na kope ndefu kama za bibi arusi, alitembea kidevu juu, alikula chakula cha wenzake kabla ya chake, na ukimgusa kwa jambo la haki alikutemea. Mwanaheri akamwita Ngwali.

Bibi Amna, mama yake Harub, alimsikia kutoka kwenye kiti chake cha barazani. Bibi huyo alizaliwa Unguja, Malindi, akaja Omani msichana, na Kiswahili chake hakijatoka Malindi mpaka leo.

"We Mwanaheri! N'nakusikia. Si vibaya kumwita mnyama jina la mtu?"

"Si jina la mtu, Bibi. Ni jina la mume wangu."

Bibi Amna akalipima neno hilo. "Hapo sawa," akasema.

Kuwajua wale wanyama kulimchukua Mwanaheri mwezi mzima wa kutemewa. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kama mke anavyojifunza mume, kwa kutazama masikio. Masikio yakisimama mbele, ongea naye. Yakilegea pembeni, amechoka. Yakilala nyuma na kidevu kikapanda, toka hapo, na ukiwa na nguo nzuri toka mbio. Alijua kuwa wanaguna kwa kufumba mdomo, mmm, mmm, kama mtu anayesikiliza taarabu jirani, na kwamba kuna mguno wa njaa, mguno wa joto, na mguno wa mama anayemwita mtoto. Alijua ukimtenga mmoja peke yake analia mpaka anakonda, kwa hiyo ukitaka kumhamisha mmoja hamisha wawili. Alijua hawapendi kabisa kushikwa kichwa. Shingo, ndio. Bega, ndio. Lakini kichwa ni cha mwenyewe, na watu wote wakiona uso ule wenye macho makubwa mkono wao wa kwanza unakwenda kichwani. Na alijua ukimlazimisha lama jambo, hapigani nawe. Anakaa chini. Anakunja miguu yake minne chini ya tumbo, anakaa njiani, na hapo hata uje na winchi.

Jambo moja Bibi Amna alilipenda: choo chao kilikuwa kimoja. Wote watano walijisaidia mahali pamoja, kwenye kona waliyojichagulia wenyewe, kwa zamu, kimya kimya.

"Wana adabu kuliko wajukuu zangu," alisema Bibi. "Tena hawaachi taa inawaka."

Kiangazi kilipokuja, Mwanaheri ndiye aliyepiga kelele mpaka akaletwa mnyoa mbuzi kutoka Nizwa awapunguze manyoya. Ndiye aliyegundua kuwa maji hayamwagwi mgongoni, kwa kuwa manyoya yakilowa juu yanafunika joto kama blanketi. Yanamwagwa tumboni na miguuni. Saa sita mchana, jua la Ibra likichoma mpaka vivuli, yeye alikuwa ameinama na mpira wa maji chini ya tumbo la mnyama mwenye jina la mumewe. Aliliona jambo hilo lilivyo. Hakuwa mjinga.

Lakini la muhimu kuliko yote alilipata kwa bahati. Asubuhi moja aliingia zizini na ndoo mbili zimejaa, mkono huu na mkono huu. Ngwali akamjia. Mwanaheri hakuwa na mkono wa kumsukuma, akasimama tu. Lama akaleta pua yake mpaka kwenye pua ya Mwanaheri, karibu kabisa, akavuta pumzi, akamtolea pumzi yake polepole, ya moto, yenye harufu ya majani makavu. Akangoja. Mwanaheri, kwa kutojua la kufanya, na yeye akampa pumzi. Masikio ya Ngwali yakasimama mbele. Tangu siku ile hakumtemea tena, na akawa anamfuata kama anamdai.

Hayo yote yalikuwa kazi ya Mwanaheri. Jina lilikuwa la Luay.

Luay alikuwa mtoto wa Harub, kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye kazi ya ofisini Nizwa. Alikuja Ibra Alhamisi jioni, akarudi Jumamosi. Ijumaa wageni wakija alisimama mbele ya zizi, hatua tano mbali na mnyama wa karibu, kanzu inameta, udi unanuka kabla hajafika, akawahutubia juu ya tabia za lama. Maneno alikuwa ameyachukua kwa Mwanaheri, akayatoa kwa Kiarabu. Picha alizozituma kwenye simu zilitazamwa na watu mpaka Sur. Katika picha zote hizo Mwanaheri alionekana mara moja, na alionekana mkono tu, umeshika kamba.

"Khala," alimwambia siku ya picha hiyo, maana alimwita mama mdogo kila alipotaka kitu, "sogea kidogo. Wewe inaingia kwenye picha."

Mwanaheri akasogea. Alishazoea kusogea.

Mwaka ukazunguka. Baridi ikarudi, wageni wakawa wengi, na mwishoni mwa Rajabu ikaja sauti ya binti yake, Nahla, kutoka Pangani. Nahla amepata mchumba. Arusi itakuwa mwisho wa mwezi wa mlisho, kabla ya kufunga. "Mama, utakuja?" Nyuma ya sauti hiyo ikaja nyingine, ya Ngwali mwenyewe, Ngwali wa miguu miwili.

"Usihangaike mke wangu. Najua kazi zimekubana. Mwanamboka yupo, atakaa mahali pako. Hata mkaja atakupokelea."

Mwanaheri aliusikiliza ujumbe huo amesimama kwenye mlango wa zizi. Mkaja ni haki ya mama, ni kitambaa cha tumbo lililobeba. Haupokelewi na mtu ambaye tumbo lake lilikuwa halijajua hata njia ya kwenda kwa mkunga siku Nahla alipozaliwa. Akabonyeza simu, akajibu:

"Na uchungu alinipokelea? Usiku ule nilipotafuna kona ya mkeka, Mwanamboka alikuwa ananitafunia upande gani?"

Jibu lilitoka zizini. Lama Ngwali akaguna.

Akaenda kwa Harub kuomba ruhusa. Harub alikuwa anakula tende.

"Mwezi wa mlisho? Mwanaheri, huu ndio wakati wa wageni! Nani atawashika hawa?"

"Luay. Si yeye anayewajua? Nimemsikia mwenyewe akiwaambia watu."

Harub alikohoa kokwa ya tende. Alimpenda mwanawe, lakini alikuwa na macho. "Luay anawajua kwa mdomo," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa na uhakika hilo halitatokea, akaongeza neno la ukarimu: "Sikiliza. Siku Luay atakapomfunga kamba yule dume wako mbele ya wageni na kumzungusha uwanja wote, kesho yake nakupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Kwa gari yangu. Pasi yako ya kusafiria mkononi."

"Bwana, umesema?"

"Nimesema."

"Bibi shahidi," Mwanaheri akasema, na Bibi Amna kule barazani akajibu, "N'meshasikia, mimi si kiziwi."

Hapo ndipo Mwanaheri alipouona mtego. Alikuwa amewafuga vizuri mno. Angekuwa mvivu, lama wangekuwa wa kila mtu au si wa mtu yeyote, na yeye angekuwa Pangani anachagua kanga.

Ijumaa tatu zilikuwa zimebaki kabla ya arusi. Ya kwanza, Luay alikuja na mkate. Mwanaheri akamwambia usimpe mkononi, atakufanya sinia. Akampa mkononi. Wanyama wote watano wakamkusanyikia, wakamtafuta mkate kwenye mfuko, kwenye mkono wa kanzu, kwenye kofia, na mmoja wa wale alpaka wapole akaondoka na tarbushi ya kanzu, ule uzi wa shingoni, nusu nzima.

"Khala! Hii yako mchokozi!"

"Si wangu, mwanangu. Ni wa baba yako. Mimi nafua tu."

Ijumaa ya pili alikuja bila mkate, lakini alikuwa amejipulizia manukato kwa ajili ya ujasiri. Ngwali akapiga chafya. Luay akaona ni dalili ya urafiki, akampapasa kichwani. Masikio yakalala.

"Luay, mkono!" Mwanaheri akapiga kelele. "Ondoa mkono! Kidevu! Tazama kidevu!"

"Kidevu ya nani?"

Akapata jibu, lote, kuanzia nyusi kushuka.

Mwanaheri alifua kanzu ya pili. Aliisugua huku akihesabu siku, na kila aliposugua aliona vidole vya Mwanamboka vimenyooshwa kupokea kitambaa.

Siku hiyo hiyo alasiri alikuja mgeni wa Harub, mzee Hamed, Mbedui wa mchangani, rafiki yake wa ngamia tangu ujana. Harub alimpokea kama Mabedui wa jimbo lile la Sharkia wanavyopokeana: wakasogeleana, pua kwa pua, mara moja, mara mbili, taratibu, kisha wakaanza kuulizana habari. Habari gani? Hakuna habari. Jamaa? Wazima. Huko? Hakuna ila heri. Ikachukua muda mrefu kama kuchemsha maharage. Halafu Hamed akamgeukia Luay, akaleta pua. Luay akaleta mkono. Pua ya mzee ikabaki hewani, peke yake, haina pa kwenda. Mzee akairudisha.

Mwanaheri alikuwa amesimama na birika. Aliitazama ile pua, akatazama kule zizini, ambako lama mmoja alikuwa ameleta pua kwa mwenzake. Alikaribia kuimwaga kahawa.

Jioni alimfuata Luay kwenye gari lake.

"Mwanangu, nimekupatia dawa. Wasalimie kama babu zako. Mikono nyuma. Pua mbele. Mpe pumzi, ungoje akupe yake. Usiharakishe."

Luay alimtazama kama aliyeambiwa avae kanga. "Khala, mimi sifanyi vile hata kwa watu. Vile ni kwa wazee. Ya zamani. Mimi nafanya kazi ofisi. Nifanye pua na mnyama, watu wanapiga picha?"

"Wamekwisha kukupiga picha umejaa mchicha."

Luay akafunga kioo cha gari.

Ijumaa ya tatu uwanja ulijaa. Kulikuwa na familia kutoka Samail, wengine kutoka Nizwa, watoto, mabibi, simu zimeinuliwa kabla hakijatokea kitu. Mzee Hamed alikuwapo, amekaa kwenye jamvi karibu na Harub. Bibi Amna alitolewa na kiti chake. Mwanaheri alisimama nyuma ya kiti. Leo au hakuna. Tiketi ikichelewa kwa wiki moja tu, Nahla ataolewa huku mwingine amekaa mahali pa mama yake.

Luay akaingia zizini na kamba. Alikuwa na shauri lake mwenyewe: haraka. Akamrushia Ngwali kamba shingoni, ikapata, watu wakapiga makofi. Luay akawageukia wageni, akainama kidogo. Akamvuta Ngwali mpaka katikati ya uwanja, hatua sita, hatua saba, na Mwanaheri akaanza kuona bahari ya Pangani.

Hatua ya nane Ngwali akakunja miguu ya mbele. Kisha ya nyuma. Akakaa chini, katikati, mbele ya watu wote, akaanza kucheua.

Luay akavuta. Ngwali akatazama pembeni. Luay akaenda nyuma akasukuma. Ilikuwa kama kusukuma msikiti. Harub akashindwa kuvumilia, akapiga kelele za kumwinua ngamia, na za kumlaza ngamia, na nyingine za kutukana ngamia. Watoto wakaanza kucheka. Lama wale wengine wakaja kwenye ua kutazama.

"Mwanaheri," Bibi Amna akasema bila kugeuka, "hebu nenda kamwinue. Tunaaibika."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kumwinua ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Angekwenda, angeinama, angempa pumzi, na Ngwali angesimama na kumfuata mbele ya Samail na Nizwa nzima, na kwa mara ya kwanza watu wangeona mkono ule una mtu. Alitamani. Wallahi alitamani! Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Na angekwenda, Harub angesema, mnaona, bila yeye hapana, na pasi ingebaki kabatini mpaka mwakani. Tena Ngwali alikuwa amemwona. Aligeuza shingo ile ndefu, akamtazama moja kwa moja, akaguna.

Mwanaheri akashika kiuno.

"Bibi, kiuno kimenikamata. Siwezi hata kugeuka."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Bibi Amna akageuka yeye, akamtazama kwa muda, na Bibi huyo alikuwa amezaa tisa na kuoza sita. "Pole," akasema. "Kiuno kibaya sana hicho. Kaa hapo hapo."

Kule katikati, mzee Hamed alipaza sauti kutoka kwenye jamvi, kwa furaha yake yote. "Wewe Luay! Mtu asiyesalimu watu, ataitikiwa na mnyama?"

Watu wakacheka. Luay akasimama, jasho linateremka, kofia imekaa upande. Akawatazama wageni. Akatazama simu zote zile. Akamtazama Mwanaheri, na Mwanaheri, kiuno mkononi, akapeleka mkono wake mwingine nyuma ya mgongo, polepole, akauacha huko.

Kijana akaiachia kamba. Akapeleka mikono nyuma. Akachuchumaa, kanzu kwenye vumbi, akaleta pua yake mbele ya pua ya Ngwali, akafumba macho kama anayengoja sindano.

Masikio yakalala nyuma. Kidevu kikapanda kidogo. Luay hakuondoka. Akatoa pumzi. Na kwa kuwa hakujua mtu husema nini pua zikishakutana, akaanza kusema yale aliyoyasikia tangu utotoni na hakuwahi kuyasema mwenyewe, kwa Kiarabu cha babu zake, kwa kunong'ona: Amani juu yako. Habari gani? Hakuna habari. Jamaa? Wazima. Huko? Hakuna ila heri. Akayamaliza yote, akayarudia tangu mwanzo.

Mara ya pili alipofika kwenye jamaa, Ngwali alishusha kidevu. Akavuta pumzi ndefu, akampa yake. Masikio yakaja mbele, moja kwanza, halafu la pili. Kisha akainuka, nyuma kwanza, kama wanavyoinuka, akasimama anangoja.

"Msipige makofi!" Mwanaheri akafoka kutoka nyuma ya kiti, kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Atakayepiga makofi namkata mikono!"

Hawakupiga. Luay akaichukua kamba, hakuivuta, akatembea. Ngwali akatembea naye bega kwa bega. Wakazunguka uwanja wote, wakapita magari, wakapita jamvi, na walipompita mzee Hamed, Luay alisimama, akainama, akampa mzee pua. Mzee akaipokea kwa heshima, ingawa ilikuwa imelowa.

Ngwali alipita mbele ya Mwanaheri bila kumtazama. Kidevu juu.

"Sawa," Mwanaheri akasema kimoyomoyo. "Sawa, baba. Nenda."

Usiku, baada ya wageni kuondoka, Harub alianza kutafuta mlango wa kutokea. Alisema mara moja haitoshi. Alisema Ramadhani i karibu. Alisema labda baada ya Idi. Bibi Amna alikuwa ameshavuta pumzi ya kumjibu, lakini aliyejibu alikuwa Luay.

"Baba, nimeshakata tiketi ya Khala. Kesho kutwa, saa tisa alasiri."

"Nani amekutuma?"

"Umesema mwenyewe mbele ya Bibi. Na..." Luay akajikuna shingo. "Nimeweka ile picha kwenye simu. Watu wengi sana. Wanasema, bwana wa lama. Sasa wiki ijayo wanakuja wengine kutoka Sur. Khala akiwa hapa, hii Ngwali inamtafuta yeye. Mimi naonekana vipi?"

Mwanaheri alikuwa anapanga vikombe. Alisikia kila neno. Amefundisha, amefua, amemwagilia tumbo la mnyama mwaka mzima, na sasa anafukuzwa kwa sababu anaziba picha. Akatafuta hasira yake ilipo, akaipata, akaigeuza huku na huku, akaona ina tiketi ndani. Akaendelea kupanga vikombe.

"Luay, mwanangu," akasema, "wewe ni bwana wa lama. Hakuna mwingine. Uwaambie hivyo hivyo watu wa Sur."

Kesho kutwa yake Harub alimpeleka kwa gari lake, kama alivyosema. Alikuwa anaendesha kama mtu aliyeuziwa gari bovu. Walipokaribia Samail, Mwanaheri alisema ana kiu. Harub akasimamisha gari kwenye duka la chai, akangoja ashuke. Mwanaheri hakushuka. Alikuwa amevaa baibui jipya, ameshika pasi yake kwa mikono miwili, na kiuno, kama alivyosema mwenyewe Ijumaa mbele ya watu, kilikuwa kinamsumbua.

Harub akatazama usukani. Akashuka, akaingia dukani, akarudi na gilasi ya chai ya maziwa, akampa dirishani. Katika miaka mitano ya chai katika nyumba ile, hiyo ilikuwa ya kwanza iliyotembea upande wake.

"Utarudi lini?" akauliza, amesimama juani.

"Baada ya fungate."

"Fungate ya nani?"

"Ya mwanangu, Bwana. Yangu iliisha zamani." Akaonja chai. "Haina sukari ya kutosha."

Harub akaichukua gilasi, akarudi nayo dukani.